Remorki na semi-remorki: uzito unakaa wapi?



Mizigo mingi inayoshukia bandari ya Kalundu, Uvira, hupanda kwa kamio kupitia Kiliba, Sange na Luvungi hadi Kamanyola. Wengine watauliza: msaidizi wa mganga anatafuta nini katika habari za kamio? Waliopondwa miguu na kuungua huletwa kwetu, si kwa fundi.

Kuna namna mbili za kuvuta. Remorki hushikwa na ndoano, nyuma kabisa ya kamio. Semi-remorki haina magurudumu ya mbele. Hulala juu ya sahani nene ya chuma, juu ya magurudumu ya nyuma ya kichwa kinachovuta. Hivyo kichwa hubeba sehemu ya mzigo.

Remorki ikiyumba, huyumbisha gari zima, maana ndoano iko mbali na magurudumu: ukisukuma mlango mbali na bawaba, unafunguka kwa urahisi. Ile ndogo ya ekseli moja ikipakiwa zaidi nyuma, ndoano hunyanyuka na gari hupungukiwa na nguvu ya kushika barabara. Marekani, watu wanaovuta nyumba za matembezi hufuata kanuni hii: 10 hadi 15 kwa mia ya uzito wa remorki ikae juu ya ndoano. Kanuni hiyo yafaa hata kwa magunia ya simenti.

Semi-remorki hutulia zaidi, na kwangu ndiyo bora kwa mzigo mzito. Lakini ina hila yake. Penye utelezi, magurudumu ya kichwa yakikamatwa na freni, mzigo husukuma na gari hujikunja kama kisu cha mfukoni. Katika kona, magurudumu ya nyuma hukata ndani. Mtoto ukingoni huona kichwa kimepita, kumbe mkia unamjia.

Toka Bukavu hadi ziwa Tanganyika ni kushuka karibu mita 700, na mteremko wa Ngomo mnaufahamu. Hapo zote mbili ni sawa: vitesi ya chini tangu juu, maana freni zinazoshikwa mfululizo hupata moto na kuishiwa nguvu.

Gari likisimama, msilegeze macho. Kabla ya kufungua remorki, zuia magurudumu kwa mawe makubwa. Kamio ikirudi nyuma, mtu asisimame katikati, dereva hamwoni.

Tarehe 2 Julai 2010 kamio ya mafuta ilipinduka Sange. Watu walikimbilia kuchota, moto ukalipuka ukaua zaidi ya 230, hata waliokuwa ndani ya nyumba wakitazama Kombe la Dunia. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ukute jiko au sigara. Tanki likianguka, acha bidoni, chukua watoto, kimbilia upande upepo unakotoka.

Aliyeungua mmwagie maji safi ya baridi dakika 20. Mvue pete kabla vidole havijavimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi iacheni. Msipake mawese wala dawa ya meno. Mfunikeni kitambaa safi, mkamlete upesi.