Kifaa cha kuita msaada ziwani: tununue kipi?

Juma hili tunaandika juu ya jambo lililotugawanya katika mkutano uliopita.

Wote mnakumbuka yaliyotupata wakati wa kiangazi, upepo wa kusini ulipokuwa mkali. Wenzetu watatu walitoka Moba kurudi Kalemie na mizigo yao ya ndakala. Katikati ya njia mashine ya boti ikazimika. Rezo ya telefone haikuwepo. Walikaa juu ya maji siku mbili, mchana na usiku, wakipelekwa na upepo, mpaka wavuvi wakawaona. Sisi huku tulilala kwa amani, maana tulifikiri bado wako Moba, na watu wa Moba walifikiri wamekwisha fika.

Walirudi wazima, Mungu ashukuriwe. Lakini tangu siku ile kumekuwa na maneno: tutoe fedha kwenye kisanduku, tununue kile kifaa kinachoita msaada kupitia setilaiti, hata pasipo na rezo. Wengine wakasema fedha hiyo ni ya masomo ya watoto na ya kuanzia biashara, isiguswe. Mama mwenyekiti akatuomba tuulize vizuri kabla ya kupiga kura. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Aina ya kwanza: kinaita, lakini hakisemi

Aina ya kwanza kwa kifupi inaitwa PLB. Ni kifaa kidogo cha kushika mkononi chenye kazi moja tu. Unainua antena, unabonyeza kifungo, nacho kinatuma alama ya hatari kwenye masafa ya 406 MHz. Vingi vya siku hizi hutuma pia mahali ulipo. Mfumo unaopokea alama hiyo unaitwa Cospas-Sarsat. Ulianzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovyeti, na setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1982. Tangu hapo umesaidia kuokoa maelfu ya watu baharini, milimani na kwenye ajali za ndege.

Uzuri wake ni kwamba hakuna malipo ya kila mwezi. Betri hukaa miaka mitano au zaidi bila kuchajiwa, na ukikiwasha lazima kiweze kutuma kwa saa 24 angalau.

Shida yake ni kwamba hakina maneno. Hakiwezi kusema “mashine imezimika, sisi ni wazima”, wala “kuna mtoto ameanguka majini”. Tena alama yake haiendi kwa mume wako wala kwa mama mwenyekiti. Inaenda kwenye kituo cha kusimamia uokoaji, kufuatana na mahali ulipo na nchi iliyoandikwa ndani ya kifaa. Katika nchi kama Ufaransa au Kanada, vituo hivyo vinaweza kutuma helikopta na meli. Kwetu ziwani, mara nyingi anayetoka kumtafuta aliyepotea ni mvuvi, kwa mtumbwi wake na esanse ya kuomba.

Aina ya pili: kinaandika na kujibiwa

Aina ya pili hutuma na kupokea ujumbe mfupi. Mfano wake ni Garmin inReach, inayotumia setilaiti za Iridium. Setilaiti hizo ni 66, na zinapitishiana ujumbe zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo hata katikati ya ziwa ujumbe unapata njia. Unaandika maneno yako, yanafika kwenye telefone ya kawaida ya mtu uliyemchagua, pamoja na mahali ulipo. Naye anaweza kukujibu: “Tumesikia. Boti inakuja. Fungeni mizigo.” Mama aliyekaa gizani juu ya maji anajua thamani ya maneno hayo.

Kifaa hicho kina pia kifungo cha hatari kubwa. Ukikibonyeza, wanaopokea ni watu walio Texas, Marekani, usiku na mchana. Wao hawana boti kwenye ziwa letu. Kazi yao ni kutafuta wakuu wa mahali ulipo na kuwapigia watu uliowaandikisha. Kama majina uliyoandikisha ni ya watu wasioshika telefone, umeita bure.

Shida ya aina hii ni mbili. Kinahitaji kuchajiwa kama telefone, na kinahitaji kulipiwa. Malipo yakikatika, kifungo cha hatari nacho kinanyamaza.

Kwa bei za Ulaya na Marekani, kifaa kimoja cha aina yoyote kati ya hizi mbili kwa kawaida ni kati ya dola 250 na 450, bila kuhesabu usafirishaji na dwani.

Angalieni haya kabla ya kutoa fedha

Msinunue kwa sababu tu muuzaji anasema “kinashika popote”. Vifaa vya SPOT, kwa mfano, hutumia setilaiti za Globalstar. Hizo hupitisha ujumbe pale tu zinapoweza kuona kituo cha ardhini. Basi ombeni ramani, mwone kama ziwa letu limo. Vilevile, iPhone kuanzia namba 14 zina njia ya kuita msaada kwa setilaiti, lakini huduma hiyo hutolewa kwa nchi zilizo kwenye orodha tu. Anayekuuzia telefone ya bei kali kwa ahadi hiyo akuonyeshe kwanza jina la nchi yetu kwenye orodha.

Jihadharini na kifaa kilichokwisha tumika. Vya zamani vilivyotumia 121.5 MHz peke yake havina faida tena kwa safari zetu: tangu tarehe 1 Februari 2009 setilaiti hazisikilizi masafa hayo. Na hata kama ni cha 406 MHz, ulizeni kimeandikishwa kwa jina la nani. Kama bado kina jina la mwenyewe wa kwanza, siku ya hatari watampigia mtu wa Ulaya aliyelala nyumbani kwake, asiyejua lolote juu yenu. Someni pia tarehe ya betri iliyoandikwa juu yake.

Ulizeni kama kinaelea. PLB nyingine zinazama zisipotiwa kwenye mfuko wake wa kuelea. Kifunge mwilini kwa kamba, kisikae ndani ya mzigo. Na kumbukeni kwamba kinahitaji kuona mbingu. Ziwani mbingu iko wazi, lakini mama anayepita porini atafute kwanza mahali pasipo na miti mikubwa juu yake.

Halafu kuna jambo la ruhusa. Chombo chenye antena kinaweza kukuletea maswali marefu kwenye bariera. Chama kiandike barua kwa ARPTC, ofisi inayosimamia posta na telekomunikasio katika nchi yetu, kiulize kabla ya kununua. Jibu lao na risiti vikae pamoja na kifaa. Kitu cha kutuokoa majini kisitufunge nchi kavu.

Ambacho kifaa hakiwezi kufanya

Tarehe 3 Oktoba 2024, kwenye ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilizama karibu sana na bandari ya Kituku, Goma. Ilikuwa imejaa watu, maana barabara ilikuwa imefungwa na vita. Watu waliokuwa nchi kavu waliiona ikipinduka kwa macho yao. Pale hakukosekana mtu wa kuona wala wa kuita. Wengi walikufa kwa sababu boti ilijaa kupita kiasi na hawakuwa na jile za kuelea.

Tuliposoma habari hiyo tena, ugomvi wetu wa kisanduku ulipoa. Tuliona kwamba tulikuwa tunabishana juu ya kitu cha mwisho kabla ya kumaliza kitu cha kwanza. Kifaa kinaita tu. Watu ndio wanaokoa, na kwanza lazima watukute tukielea.

Tunachowapendekezea

Kwanza, daftari la safari lianze juma hili. Halina bei. Kabla ya kupanda, mama anaandika jina lake, boti, saa ya kutoka, saa ya kufika, na telefone ya anayempokea. Akifika, anapiga. Saa ikipita bila habari, mshika daftari anapiga upande wa pili. Kama lingekuwepo, wenzetu watatu tungewatafuta tangu jioni ya kwanza.

Pili, jile kwa kila mama anayesafiri, na ya mtoto kwa mtoto. Hizo zitoke kwenye kisanduku kabla ya kifaa chochote.

Tatu, tutenge fedha ya esanse isiyoguswa kwa jambo lingine, na tupatane mapema na wavuvi wawili wenye mashine nzuri. Mvuvi asisimame pwani akiuliza nani atalipa wakati watu wako majini.

Nne, baada ya hayo matatu na jibu la ARPTC, tununue kifaa kimoja cha aina ya pili, kile kinachoandika na kujibiwa. Kiwe cha chama, kishikwe kwa zamu na kundi linalosafiri. Kwetu sisi ujumbe unaofika kwa jirani mwenye boti una faida kuliko alama inayofika mbali kwa mtu asiyetujua. Kama hatuwezi kulipia kila mwezi, tusinunue kwanza.

Kura ni Jumamosi. Kila mama, anayetaka kifaa na asiyetaka, aje na jibu la swali hili: ujumbe ukiingia saa nane ya usiku, nani anaamka, na boti ya nani inatoka?