Namba 115: Usafiri wa Dharura kwa Mama Mjamzito na Mtoto Mchanga

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili. Kwa kaya iliyo mbali na kituo cha afya, isiyo na gari wala fedha ya kukodi, saa hizo mbili zinaweza kuishia katika kutafuta usafiri. Wataalamu wa afya ya uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda kituoni, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga na kuzinduliwa kwa ajili ya nchi nzima mwezi Aprili 2022, ulibuniwa hasa kuondoa ule wa pili.

Mwananchi hupiga namba 115 bila malipo. Simu hupokelewa katika kituo cha uratibu cha mkoa, na mpokeaji huuliza maswali kuhusu hali ya mgonjwa na mahali alipo. Majibu huingizwa katika programu ya kompyuta inayoonesha uzito wa dharura, kituo chenye uwezo wa kuihudumia na usafiri ulio karibu. Gari la wagonjwa likiwapo, hutumwa hilo. Lisipokuwapo, hupigiwa dereva wa jamii, yaani mwenye gari wa eneo hilo aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Dereva huyo hulipwa kwa njia ya simu baada ya kuthibitishwa kuwa mgonjwa amefikishwa kituoni, hivyo hana haja ya kudai nauli mlangoni usiku wa manane. Hilo si jambo dogo. Dereva aliyekopwa mara mbili tatu bila kulipwa huanza kuzima simu yake usiku, na asilaumiwe sana, kwa kuwa mafuta hayajazwi kwa ahadi.

Huduma hii ni ya mama mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na mtoto mchanga asiyezidi siku 28, wanapokuwa katika dharura. Haihusu safari ya kawaida ya kliniki; anayeiomba kwa safari hiyo huenda akachukua gari la mama anayetokwa na damu kijiji cha jirani. Dalili za kupigia simu bila kusubiri ni kutokwa na damu, degedege, maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona ukungu, uchungu uliopitiliza, au mtoto mchanga kushindwa kunyonya au kupumua vizuri. Anayepiga ataje kijiji na kitongoji, pamoja na alama inayojulikana kama vile shule au mashine ya kusaga, kisha aiache simu wazi, maana dereva naye atahitaji kuelekezwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto ulionesha kuwa vifo vya uzazi vilipungua kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Sababu za kupungua huko ni nyingi, na itakuwa kutia chumvi kuzihesabu zote kwa simu. Simu yenyewe ina mipaka yake. Vipo vitongoji ambako mtandao hupatikana kilimani tu au chini ya mti fulani. Familia ipajue mahali hapo mapema, na simu iwe na chaji mimba inapokaribia kutimia. Masika nayo hukata barabara, na mama anayeishi ng'ambo ya mto ni heri ahamie kwa ndugu aliye karibu na kituo wiki chache kabla.

Ucheleweshaji wa kwanza umebaki mikononi mwa kaya. Bado wapo wanaosubiri mume arudi safarini au mama mkwe atoe kauli. Kupiga 115 hakuhitaji ruhusa ya mtu: mama mwenyewe, jirani, mkunga wa jadi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yeyote aliye na simu mkononi anaweza kupiga.