Nani Aliyeufungua Mnada Ndani ya Simu Yako?

Hapa Dodoma kila mtu anaufahamu mnada wa Msalato. Ukitaka mbuzi, nyama ya kuchoma au nguo za mitumba, unakwenda mwenyewe kwa hiari yako, unapita kati ya wauzaji wanaokuita kulia na kushoto, unanunua au hununui, kisha unarudi nyumbani na kelele zile unaziacha hukohuko. Hakuna muuzaji wa Msalato atakayekufuata hadi kitandani saa tano za usiku akuulize kwa nini hukununua.

Simu ya mkononi imeivunja desturi hiyo. Unajilaza, taa imezimwa, watoto wamelala, mara kioo kinawaka. Unashtuka, maana simu ya usiku aghalabu ni ya msiba au ya mgonjwa. Unaifungua kwa moyo wa wasiwasi, kumbe ni programu ya mchezo inayomkumbusha mwanao kuwa zawadi yake inamsubiri. Kabla hujairudisha mtoni, inalia tena: kifurushi cha intaneti kwa bei poa, mwisho wake leo. Kisha mkopo wa haraka usio na dhamana. Kisha mchezo wa kubahatisha unaokuahidi mamilioni.

Pengine utasema hayo ni madogo, mtu anafuta na maisha yanaendelea. Nami nilidhani hivyo mpaka yalipotufika nyumbani.

Mama yangu ni mkulima wa mahindi na alizeti karibu na Kibaigwa, wilayani Kongwa. Simu yake ni ya kioo, aliipewa na wajukuu, na kwa muda mrefu alikuwa akisoma kila ujumbe kwa adabu, kama mtu anayepokea barua. Baadaye akachoka. Akajizoeza kufuta jumbe zote kila jioni baada ya chakula, bila kuzisoma, kama anavyokung'uta mkeka. Msimu mmoja wa mavuno mdogo wangu, ambaye hushinda pale soko la mahindi, alimwandikia kwamba magari ya wanunuzi yameingia, bei imepanda, asimuuzie mtu yeyote atakayepita mlangoni. Kwa bahati mbaya alitumia laini mpya, hivyo ujumbe ulifika ukiwa na namba tupu. Mama akaukung'uta pamoja na takataka nyingine. Asubuhi dalali alipita na mizani yake, magunia kumi yakaondoka. Tofauti ya bei ingetosha kununua sare za shule za wajukuu wawili.

Mama hakumlaumu mtu. Lakini tangu siku ile mimi nimekuwa nikijiuliza swali hili: ni nani aliyemfundisha mkulima makini kutupa barua zake bila kuzisoma?

Bei ya kukusumbua

Gari la matangazo linalopita mitaa ya Majengo na Chang'ombe na vipaza sauti juu ya paa linakula mafuta, dereva wake hulipwa, na jua likizama hurudi gereji. Gharama hizo ndizo zinazolitia kiasi. Arifa ya programu haina gari wala dereva. Kampuni huandika maneno machache mara moja, mashine zake huyapeleka kwenye simu laki moja au milioni moja kwa wakati uleule, na tofauti ya gharama kati ya laki na milioni ni ndogo mno. Akivutika mmoja katika maelfu, kazi imelipa. Hao maelfu wengine walioamshwa bure hawamo katika hesabu ya mtu yeyote.

Jambo hili si geni kama tunavyodhani. Tarehe 3 Mei 1978, mwuzaji wa kampuni ya kompyuta ya Marekani, Gary Thuerk, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET, uliotangulia intaneti ya leo. Wapokeaji walikasirika, naye akakemewa. Hata hivyo mwenyewe alieleza miaka ya baadaye kwamba tangazo lile lilimletea mauzo ya mamilioni ya dola. Waliokuja nyuma yake walisahau karipio, wakakumbuka mauzo.

Nasi tunayapokeaje? Wapo wanaofuta kila kitu kama mama yangu. Wapo wanaozima sauti ya simu mchana kutwa, kisha mwalimu wa shule anapiga mara tano mtoto akiwa na homa, asipatikane mzazi. Wapo wanaoiondoa programu kwa hasira na kuirudisha wiki inayofuata kwa kuwa wanaihitaji. Vijana, kwa upande wao, wamefanya ujumbe ule wa matapeli, wa kutaka ile pesa itumwe kwenye namba hii, kuwa kichekesho cha vijiweni. Kicheko ni dawa, sikatai, ila matapeli hupenda sana mahali ambapo jumbe za kweli na za uongo zimechanganyika hata mtu hatazami tena ipi ni ipi.

Wala tusidhani kwamba kila ujumbe wa taasisi ni kero. Mwaka 2012 ulianzishwa hapa nchini mpango wa Wazazi Nipendeni, ambamo mama mjamzito aliweza kujiandikisha kwa simu na kupelekewa bure mawaidha ya afya kulingana na umri wa mimba yake. Mama yule aliomba mwenyewe, akajua anayemwandikia ni nani, na kila neno lilimhusu. Tofauti yote imo hapo.

Mkopo unaobisha hodi

Nizungumzie kidogo ile mikopo ya mtandaoni, maana ndiyo inayobomoa nyumba. Arifa hufika mwisho wa mwezi, au Januari wakati wa ada, kana kwamba mwandishi wake anachungulia mfukoni mwako. Mtu anabofya mara tatu, anakubali masharti asiyoyasoma, na miongoni mwa masharti hayo ameiruhusu programu isome orodha yake yote ya majina. Akichelewa kulipa, jumbe za aibu huanza kwenda kwa shemeji, kwa bosi, kwa mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wananchi wameipa mikopo ya namna hiyo jina la kausha damu, na hawakukosea.

Malalamiko yalipozidi, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa mtandaoni Agosti 2024, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Jirani zetu wa Kenya walikwisha kuchukua hatua: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kuyatumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine, na kuwaandikia jumbe za vitisho.

Sheria zetu nazo zipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu tangazo la biashara ambalo hakuliridhia, na inataka mtumaji ajitambulishe na ampe mpokeaji njia ya kujitoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kumtaka mwenye taarifa zako aache kuzitumia kwa matangazo, na imeunda Tume ya kupokea malalamiko. Tatizo ni kwamba ridhaa yenyewe huchukuliwa kijanja. Kwenye simu za Android ilikuwa ni hadi toleo la 13, la mwaka 2022, ndipo programu mpya zilipolazimika kukuomba ruhusa kabla ya kukutumia arifa. Kwenye matoleo ya nyuma, kuiweka tu programu kulihesabiwa kuwa umekubali. Na simu za matoleo hayo bado ziko mikononi mwa watu wengi.

Basi leo jioni ifanye kazi hii pamoja na watoto, kwani aghalabu wao wanaijua simu kuliko wewe. Arifa ya kero ikiingia, usiifute upesi. Ibonyeze na kuishikilia kwa kidole, simu itakuonyesha ni programu gani iliyoituma na itakupa njia ya kuizima. Au ingia kwenye Mipangilio, kisha Arifa, uzipitie moja moja. Washa Usinisumbue nyakati za usiku, lakini ruhusu namba za wazazi, za shule na za ndugu zikufikie. Jumbe fupi za makampuni aghalabu hueleza neno la kujitoa, kama ONDOA au STOP. Za matapeli usizijibu kabisa; ziripoti kwa namba 15040. Na kama simu hiyo huchezewa na mtoto, ondoa michezo ya kubahatisha yote, kwani sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza, nayo arifa haiulizi umri.

Simu ya mama niliisafisha mwenyewe nilipokwenda Kibaigwa. Programu kumi na moja nilizinyamazisha, nne nikaziondoa, laini mpya ya mdogo wangu nikaiandika jina. Siku ya tatu baada ya kurudi mjini alinipigia, sauti ikiwa na mashaka. Alitaka kujua kama laini yake imefungwa, maana tangu asubuhi simu haijalia hata mara moja.