Lubumbashi: Kemia ya uchambuzi, somo linaloamua bei ya gunia la madini

Tani moja ya mawe yenye shaba asilimia 5 ina kilo 50 za shaba. Ikiwa na asilimia 4, ina kilo 40. Kwa mchimbaji anayeuza magunia yake Haut-Katanga au Lualaba, mwenye mashine ya kusoma asilimia hiyo ndiye anayeamua kama kilo hizo 10 zitalipwa au la.

Ndiyo maana kemia ya uchambuzi ni somo zito Lubumbashi, ingawa wanafunzi wengi wanaliogopa kwa hesabu zake. Linajibu maswali mawili: ndani ya kitu hiki kuna nini, na kiasi gani? Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), kilichoanzishwa mwaka 1955 wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, maswali hayo yako karibu sana na maisha ya mji. Migodi na viwanda vya kuyeyusha madini viko mlangoni.

Kazi inaanzia kwenye lundo

Jambo la kwanza la kujifunza ni kuchukua sampuli. Katika gunia moja la Katanga kunaweza kuwa na malakiti ya kijani yenye shaba nyingi, heterojeniti nyeusi yenye kobalti, na udongo mtupu. Ukiokota jiwe zuri la juu, mashine bora kuliko zote itakupa jibu la uongo.

Kwa hiyo mawe yanapondwa, yanachanganywa na kurundikwa. Rundo linagawanywa sehemu nne, mbili zinazotazamana zinabaki, mbili zinaondolewa. Kazi inarudiwa, na kila mara unga unasagwa laini zaidi, mpaka zibaki gramu chache zinazowakilisha gunia zima.

Maji nayo yana hesabu yake. Sampuli inapimwa kwenye mizani, inakaushwa kwa joto la nyuzi 105, kisha inapimwa tena. Tani yenye unyevu wa asilimia 10 ina kilo 100 za maji.

Bureti na tone la mwisho

Baada ya hapo unakuja upimaji wa kudondosha, ambao wanafunzi wa Kongo wanauita dozaji. Gramu moja ya unga inayeyushwa kwa asidi, kisha inatiwa iodidi ya potasi. Shaba inaachilia iodini na maji yanageuka kahawia. Mwanafunzi anafungua bureti na kudondosha tiosulfati ya sodiamu. Karibu na mwisho anatia wanga, na rangi inakuwa bluu nzito. Tone linaloifuta bluu hiyo ndilo linalotoa jibu.

Ikiwa myeyusho wa bureti una moli 0,1 kwa lita, kila mililita inalingana na miligramu 6,35 za shaba. Zikitumika mililita 7,9, gramu ile ilikuwa na miligramu 50 za shaba, yaani asilimia 5.

Lakini kuna mtego. Chuma, ambacho hakikosekani katika udongo mwekundu wa Katanga, nacho kinaachilia iodini na kuhesabiwa kama shaba. Lazima kifungwe kwanza kwa floridi. Asiyejua hilo atatangaza namba kubwa kuliko ukweli, hata kama mizani yake ni sahihi. Ndiyo sababu kipimo kinarudiwa, na sampuli ambayo jibu lake linajulikana inapimwa kando kwa kulinganisha.

Mashine ya mnunuzi

Nje ya maabara mambo ni tofauti. Sokoni Musompo, karibu na Kolwezi, wanunuzi wanatumia kifaa cha mkononi ambacho wachimbaji wanakiita Metorex. Kinapiga mawe kwa miali ya eksirei na kutoa asilimia kwa sekunde chache. Mnamo Januari 2016, mashirika ya Amnesty International na Afrewatch yaliripoti kwamba wachimbaji hawakuwa na njia huru ya kuhakikisha kiwango hicho wala uzito wa magunia yao.

Kifaa chenyewe si kibaya, lakini kinasoma tabaka jembamba la juu tu, na unyevu au vipande vikubwa vinabadilisha jibu. Katika biashara kubwa ya madini duniani, sampuli inagawanywa: moja ya muuzaji, moja ya mnunuzi, na nyingine inatiwa muhuri ili ipimwe na msuluhishi pande mbili zikibishana. Mchimbaji wa mikono anaondoka sokoni bila sampuli yoyote ya kubishania.

Pale bureti inaposhindwa

Suala la pili ni afya. Shirika la Afya Duniani, OMS, linapendekeza risasi katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Bureti haiwezi kuona kiasi hicho. Hapo zinahitajika mashine kama ile ya mnyonyo wa atomi, iliyobuniwa na Alan Walsh wa Australia katika miaka ya 1950, ambayo inapima mwanga unaonyonywa na atomi za metali.

Mwaka 2009, watafiti wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven, walichapisha matokeo ya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Kati ya watoto walioishi karibu sana na migodi au viwanda vya kuyeyusha madini, asilimia 87 walikuwa na kobalti kupita kikomo kinachowekwa kwa wafanyakazi wa viwandani. Mkojo ulitoka Katanga, vipimo vikafanyika Ubelgiji.

Serikali nayo inategemea vipimo. Tangu sheria ya madini ya mwaka 2018, mrabaha wa shaba ni asilimia 3,5, na ule wa kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwaka huohuo, ni asilimia 10. Kiwango kikiandikwa chini ya ukweli, hazina inapoteza.

Kwa anayemaliza masomo haya, kazi ziko katika maabara za migodi, katika Ofisi ya Udhibiti ya Kongo (OCC) na katika kituo cha CEEC kinachothibitisha madini. Kinachokosekana ni meza ya upimaji katika soko la wachimbaji, isiyo ya mnunuzi. Kwa shaba, mizani, bureti, asidi na mtu aliyesoma vinatosha kuianza.