SOKO LA VYUMBA: KUMKATAA MPANGAJI NAKO KUNA HASARA

Mfanyabiashara anayetafuta chumba Kilosa au Mikumi huweza kuulizwa kabila, dini na kama ameoa kabla hata kodi haijatajwa. Mama lishe asiye na mume, kijana mseja au mfugaji huambiwa chumba "kimeshachukuliwa". Kesho yake dalali anakitembeza tena.

Hofu nyingine zina historia. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Lakini soko la pango la miji hii linategemea wageni. Mikumi iko kwenye barabara kuu ya Zambia, kando ya hifadhi iliyoanzishwa 1964. Kilosa ni mji wa reli, na tangu 2024 treni ya umeme ya Dar es Salaam–Dodoma hupita huko.

Sheria inasemaje? Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia na mahali mtu atokapo. Hata hivyo, katazo hilo linawalenga wenye madaraka ya kisheria au ya Serikali; mwenye nyumba binafsi hatajwi waziwazi. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya 1984 nayo ilifutwa mwaka 2005. Tangu 2021 Baraza la Kata husuluhisha tu, haliamui. Uamuzi ni wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa hiyo aliyekataliwa kabla ya mkataba ana njia nyembamba. Aliyekwisha kutoa fedha ana hoja nzito zaidi: arudishiwe. Asitoe malipo bila risiti au maandishi mbele ya shahidi, kwa mfano mwenyekiti wa kitongoji.

Mwenye nyumba naye apige hesabu. Tuchukue chumba cha sh. 30,000/= kwa mwezi. Kikikaa wazi miezi 4 akisubiri "mtu wa kwetu", sh. 120,000/= zimepotea. Ili kuzifidia katika miezi 8 iliyobaki, angelazimika kutoza sh. 45,000/=, na wateja wangekimbilia kwa jirani.

Maswali yenye faida ni haya: unafanya kazi gani, nani mdhamini wako, mtaishi wangapi, utalipa lini? Kabila halilipi kodi. Anayelipa ni mpangaji.