Lubumbashi: mashabiki wa TP Mazembe wagawanyika juu ya kuuza wachezaji

Nani abaki, nani aende? Swali hilo linawagawanya mashabiki wa TP Mazembe tangu timu yao ilipomaliza ya mwisho katika kundi lake la Ligi ya Mabingwa ya Afrika, msimu wa 2024-2025.

Pigo lilikuwa kali kwa sababu mwezi wa nne 2024 Kunguru walikuwa nusu fainali, wakatolewa na Al Ahly kwa mabao 3-0 mjini Cairo. Miezi michache baadaye, walibaki nyuma ya Al Hilal, MC Alger na Yanga, iliyowafunga 3-1 huko Dar es Salaam.

Upande mmoja unalaumu mauzo. Mfano wao ni Mbwana Samatta: alibeba kombe 2015, na mwezi wa kwanza 2016 akaenda Genk, Ubelgiji. Tangu hapo, kombe hilo halijarudi Lubumbashi.

Wengine wanapinga. Bila Samatta, wanakumbusha, Mazembe ilishinda Kombe la Shirikisho 2016 na 2017. Tena, mchezaji anayetaka kwenda Ulaya ukimzuia, mkataba unaisha na anaondoka bure. Kwao, kosa ni kumwachilia mshambuliaji kabla ya kupata wa kushika nafasi yake.

Jambo moja halina ubishi huko Kamalondo: timu yenye mataji 5 ya Ligi ya Mabingwa haiwezi kuridhika na ubingwa wa nyumbani peke yake.