Nani Ashike Kambi ya Kamina?

Wakristu hutuuliza mara nyingi: kwa nini mwaka 1960 ilikuwa vigumu hivi kuiachia ONU kambi ya Kamina?

Wabeleji walishika mapatano ya tarehe 29 mwezi wa sita, yaliyotiwa sahihi lakini hayakuthibitishwa kamwe. Hayo yaliwaachia Kamina na Kitona, ila askari wasitumike nje bila kuombwa na waziri wa ulinzi wa Kongo. Tarehe 10 mwezi wa saba walitoka bila kuombwa naye.

Tarehe 14 Baraza la Usalama likaitaka Ubeleji iwaondoe. Tarehe 9 mwezi wa nane likarudia, likitaja Katanga kwa jina. Tshombe hakutaka askari wa ONU. Hammarskjöld akaenda mwenyewe Elisabethville tarehe 12, pasipo kupatana kwanza na Lumumba, naye Lumumba akakasirika sana. Tunaona alikuwa na haki ya kuulizwa. Mwisho askari wa vita wakaondoka Kamina. Mafundi wa Kibeleji wakabaki chini ya ONU.

ONU nayo ikatoka Kongo tarehe 30 mwezi wa sita 1964. Kabla ya miezi mitano, askari wa parashuti wa Ubeleji walitua tena Kamina, wakielekea Stanleyville. Waziri mkuu aliyewaruhusu: Tshombe.